Florida 2000: Kura zilizopotea kabla hazijahesabiwa

Ukiwauliza wafuatiliaji wa siasa za Marekani ni nini kiliamua uchaguzi wa rais wa mwaka 2000, wengi watakutajia Mahakama ya Juu. Wengine watamlaumu Ralph Nader, mgombea wa chama kidogo cha Green. Wapo watakaokumbuka picha za wahesabu kura wakiinua kadi kwenye mwanga wa taa, macho yamekazwa kwenye tundu dogo. Yote hayo yalitokea na yote yana uzito wake. Lakini ukiyapitia matokeo ya Florida kaunti kwa kaunti, jambo moja linajitokeza kuliko mengine: kura zilizomkosesha Al Gore, mgombea wa Wademokrati, urais hazikuwa kwenye rundo ambalo mawakili waligombania kwa siku 36. Zilikuwa kwenye rundo la pili, ambalo karibu hakuna aliyelidai mahakamani, na nyingi ziliingia humo kwa sababu ya jinsi karatasi zilivyopangwa kabla ya wapiga kura kufika vituoni.

Tuanze na hesabu yenyewe. Matokeo yaliyothibitishwa yalimpa George W. Bush, mgombea wa Republican, kura 2,912,790 na Gore kura 2,912,253. Tofauti ni kura 537 kati ya kura karibu milioni 6, haifiki hata kura moja katika kila elfu kumi. Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe wa majimbo; ukiiweka Florida kando pamoja na wajumbe wake 25, Gore alikuwa na wajumbe 267 na Bush 246, na ushindi ulihitaji wajumbe 270. Kwa utaratibu wa jimbo lile mshindi huchukua wajumbe wote hata akishinda kwa kura moja. Hivyo kura 537 za Florida zikazidi nguvu kura zaidi ya 540,000 ambazo Gore alikuwa akiongoza nazo nchi nzima.

Sasa weka kando ya hiyo 537 takwimu nyingine: 175,010. Hizo ni karatasi na kadi za watu waliofika kituoni au waliotuma kura zao kwa posta, na ambazo mwishoni hazikuhesabiwa kwa mgombea yeyote wa urais. Kama 61,000 kati yake mashine hazikuona alama yoyote kwenye nafasi ya urais. Tuziite kura tupu. Zaidi ya 113,000 mashine ziliona alama mbili au zaidi; tuziite kura za alama nyingi. Vita vyote vya Novemba na Desemba vilihusu kura tupu. Kura za alama nyingi, ambazo zilikaribia kuwa mara mbili ya hizo, zilichukuliwa na pande zote kuwa zimekwisha kufa: mtu akichagua wawili, nani ajue alimtaka yupi? Dhana hiyo ilikuwa kweli kwa sehemu tu.

Kabla ya kwenda huko, suala la Nader liishe. Alipata kura 97,488 Florida, na ni kweli kwamba sehemu ndogo tu ya hizo ingetosha kubadili mshindi. Ila katika jimbo lile walikuwamo wagombea kumi kwenye karatasi, na kila mmoja wa wale wanane wadogo alipata kura zaidi ya 537. Hata wa mwisho kabisa, James Harris wa chama cha Socialist Workers, alipata 562. Tofauti ikiwa ndogo kiasi hicho, kila sababu inatosha kuwa sababu, na kumlaumu mmoja hakukuelezi lolote. Cha maana zaidi katika orodha ile ni urefu wake. Mwaka 1998 wananchi wa Florida walipitisha marekebisho ya katiba ya jimbo yaliyolegeza masharti ya vyama vidogo kuingia kwenye karatasi ya kura. Yalikuwa marekebisho mazuri ya kidemokrasia. Lakini kila msimamizi wa uchaguzi wa kaunti sasa alikuwa na jozi kumi za kupanga, rais na makamu wake, kwenye nafasi isiyozitosha. Florida ina kaunti 67, na karatasi ilipangwa na kila kaunti kivyake. Kaunti 24 zilitumia kadi za kutoboa, 41 zilitumia karatasi za kujaza kwa kalamu zinazosomwa na mashine, moja ilitumia mashine za mkono wa chuma, na moja ilihesabu karatasi kwa mikono.

Palm Beach ilikuwa miongoni mwa kaunti za kadi, na kifaa chake kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kadi ni ya karatasi ngumu, imekatwa mapema visanduku vidogo vya mstatili vilivyoachwa vikishikilia kwenye pembe zake. Mpiga kura anaichomeka kadi ndani ya kifaa hadi matundu mawili ya juu yakae kwenye pini mbili. Juu yake kuna kijitabu chenye majina ya wagombea, na katikati ya kurasa kuna safu ya matundu. Anachukua kijiti chenye ncha ya chuma, anabonyeza tundu la mgombea wake, na kisanduku kinang'oka na kudondokea chini. Kisanduku hicho kilichong'oka ndicho chadi, neno ambalo dunia ilijifunza mwezi ule. Kadi yenyewe haina jina la mtu yeyote, ina namba tu. Kwa hiyo ukiitoa kwenye kifaa na kuitazama, huwezi kujua umemchagua nani isipokuwa uirudishe na kulinganisha tundu kwa tundu. Ukikosea, hakuna kinachokuonya.

Na kuna njia nyingi za kukosea bila uzembe wowote. Kadi isipokaa sawasawa kwenye pini, safu inasogea na kijiti kinagonga pembeni ya kisanduku. Chadi za wapiga kura waliotangulia zikijaa chini ya kifaa kwa kutosafishwa, kijiti hakipenyi mpaka mwisho; kisanduku kinabonyea tu au kinaning'inia. Vipande vya mpira vinavyoshikilia kadi kwa chini vikikauka na kuwa vigumu kwa umri, matokeo ni yale yale. Mzee mwenye mkono dhaifu anabonyeza na kuamini amemaliza. Kisha mashine ya kusoma inapitisha mwanga, kisanduku kinachoning'inia kinaufunika, na kura inaandikwa tupu. Ukiipitisha kadi ile ile mara ya pili, huenda chadi ikadondoka njiani na kura ikasomeka. Kwa hiyo matokeo ya kadi hizi hubadilika kila zinapopitishwa kwenye mashine, bila hila ya mtu yeyote.

Hayo ni makosa ya kifaa. Kosa la Palm Beach lililokuwa kubwa zaidi lilikuwa la mpangilio. Msimamizi wa uchaguzi wa kaunti, Theresa LePore, alijua kwamba wapiga kura wake wengi ni wazee. Jozi kumi kwenye ukurasa mmoja zingelazimu herufi ndogo, hivyo akazigawa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, sita upande mmoja na nne upande wa pili, na matundu yakiwa katikati kwa ajili ya pande zote mbili. Ndiyo karatasi iliyokuja kuitwa ya kipepeo. Nia ilikuwa njema, sampuli zilitangulia kwa vyama, na hakuna aliyepinga.

Tazama ilivyosomeka. Upande wa kushoto, Bush alikuwa wa kwanza kwa sababu sheria ya Florida humpa nafasi ya juu mgombea wa chama cha gavana, na gavana alikuwa mdogo wake, Jeb Bush. Tundu lake lilikuwa namba 3, la kwanza kwenye safu. Gore alikuwa wa pili kushoto. Lakini tundu la pili kwenye safu, namba 4, halikuwa lake. Lilikuwa la Pat Buchanan, mhafidhina wa chama cha Reform, wa kwanza upande wa kulia. La Gore lilikuwa la tatu, namba 5. Msomaji aliyeshuka upande wa kushoto akaona Bush, kisha Gore, akabonyeza la pili, amempigia Buchanan. Aliyegundua kosa baada ya kutoboa akatoboa na la Gore, ameiharibu kura. Na karatasi ilikuwa na maelekezo ya kupigia kura “kundi”, kwa maana ya jozi ya rais na makamu. Waliodhani wanatakiwa kutoboa tundu la Gore na tundu lililo mkabala na jina la makamu wake, Joe Lieberman, walitoboa namba 5 na namba 6, na namba 6 ilikuwa ya David McReynolds wa chama cha Kisoshalisti.

Ushahidi wa haya haukubaki kuwa wa kudhania. Buchanan alipata zaidi ya kura 3,400 Palm Beach, kaunti ya Wademokrati wengi na jamii kubwa ya Wayahudi, ambako hakuna aliyemtarajia. Wataalamu wa takwimu walifanya ulinganisho mwepesi na wenye nguvu: kura za posta za kaunti ile ile hazikutumia mpangilio wa kipepeo, na humo sehemu ya Buchanan ilikuwa kama robo tu ya ile aliyopata vituoni. Wapiga kura ni wa kaunti moja, uchaguzi ni mmoja, kilichotofautiana ni karatasi. Hitimisho lao ni kwamba zaidi ya watu 2,000 waliokusudia kumpigia Gore walimpigia Buchanan. Hiyo ni karibu mara nne ya tofauti iliyoamua urais. Kura hizo kisheria zilikuwa halali na safi, na hakuna kuhesabu upya kungeweza kuzirudisha.

Kisha zikaja kadi zilizotobolewa mara mbili, zaidi ya 19,000 Palm Beach peke yake. Gazeti la Palm Beach Post lilipozipitia mwaka 2001, lilikuta 5,330 zenye Gore na Buchanan pamoja, 2,908 zenye Gore na McReynolds, na 1,631 zenye Bush na Buchanan. Ukijumlisha mbili za kwanza na kuondoa ya tatu unapata 6,607. Si kila mmoja wa hao alikuwa mtu wa Gore, lakini huhitaji wote. Huhitaji hata mmoja kati ya kumi.

Duval, kaunti ya mji wa Jacksonville, ilikuwa na kisa chake. Huko wagombea wa urais walipangwa ukurasa mmoja kisha orodha ikaendelea ukurasa unaofuata. Karatasi ya mfano iliyochapishwa gazetini kabla ya uchaguzi iliwaambia wapiga kura wapige kura kwenye kila ukurasa. Waliotii walimchagua mmoja ukurasa wa kwanza na mwingine ukurasa wa pili, na kura zao zikatupwa. Kura za alama nyingi Duval zilikuwa kama 22,000, na zilijazana zaidi kwenye mitaa ya Wamarekani weusi, ambako kampeni ya kuandikisha wapiga kura wapya ilikuwa imefanya kazi kubwa mwaka ule. Mtu anayepiga kura kwa mara ya kwanza hufuata maelekezo neno kwa neno. Hapo maelekezo ndiyo yaliyomponza.

Ulinganisho unaonigusa zaidi, hata hivyo, hauhusu kadi za kutoboa. Unahusu Gadsden na Leon, kaunti mbili za kaskazini mwa Florida zinazopakana. Zote mbili zilitumia karatasi za kujaza kwa kalamu, teknolojia iliyosifiwa kuwa ndiyo ya kisasa. Gadsden ndiyo kaunti pekee ya Florida yenye wakazi weusi wengi kuliko wengine. Huko karibu kura moja katika kila nane ilikataliwa. Leon, yenye mji mkuu Tallahassee, zilizokataliwa hazikufika mbili katika kila elfu moja. Ukisikia elimu ndiyo iliyotofautisha, uliza mashine zilikuwa wapi. Leon kila kituo kilikuwa na mashine yake. Mpiga kura aliingiza karatasi mwenyewe, na ikiwa na alama mbili mashine iliirudisha papo hapo. Aliomba nyingine akajaza upya. Gadsden karatasi zilidumbukizwa kwenye sanduku na kusafirishwa kwenda kusomwa ofisi kuu ya kaunti, wakati mwenye kura ameshakwenda nyumbani. Juu ya hilo, orodha ya wagombea Gadsden ilijaza safu ya kwanza na kumwagikia ya pili, hivyo wengi waliona safu mbili wakajaza mbili.

Kaunti 26 zilikuwa na mashine za kituoni, na 15 zilikuwa na za ofisi kuu. Hata kuwa nazo kituoni hakukutosha: Escambia na Manatee zilikuwa nazo lakini uwezo wa kurudisha karatasi yenye kosa ulikuwa umezimwa. Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani ilikadiria baadaye kwamba mpiga kura mweusi Florida alikuwa na uwezekano wa karibu mara kumi zaidi ya wengine wa kura yake kukataliwa. Hakuhitajika mtu mwenye chuki kukaa akichambua karatasi. Kaunti maskini zilinunua mfumo wa bei nafuu, mfumo wa bei nafuu haukumpa mtu nafasi ya pili, na nani anaishi kaunti maskini ni jambo lenye historia ndefu.

Rudi sasa kwenye usiku wa Novemba 7 na siku zilizofuata, uone jinsi macho yote yalivyogeuzwa upande mwingine. Vituo vya televisheni vilitangaza Florida kuwa ya Gore kabla ya saa 2 usiku, wakati vituo vya magharibi mwa jimbo, vilivyo nyuma kwa saa moja, vilikuwa havijafungwa. Vikaondoa tangazo. Baada ya saa 8 usiku vikaitangaza kuwa ya Bush, kwa sehemu kwa sababu ya kosa la kadi ya kumbukumbu katika kaunti ya Volusia lililomwondolea Gore kura 16,022 kwenye mahesabu ya muda. Vikaondoa tena. Asubuhi Bush alikuwa mbele kwa kura 1,784. Sheria ilitaka kwamba tofauti ikiwa nusu ya asilimia moja au chini yake, kura zipitishwe upya kwenye mashine, na zilipopitishwa, uongozi wake ukashuka hadi kama 300. Kura za waliokuwa nje ya nchi, wengi wao wanajeshi, zikaupandisha hadi 930. Baadhi ya hizo hazikuwa na muhuri wa posta au zilichelewa, na kaunti hazikuzipima kwa kipimo kimoja.

Timu ya Gore iliomba kuhesabu kwa mikono kaunti nne tu: Palm Beach, Broward, Miami-Dade na Volusia. Sheria ya wakati huo ilitaka ombi lipelekwe kaunti kwa kaunti, na walichagua zile ambazo walikuwa na watu wengi. Kisiasa inaeleweka. Kimkakati na kimaadili lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu liliwapa wapinzani hoja ya bure kwamba wanahesabu pale tu wanapotarajia kupata, na liliacha nje Duval na Gadsden ambako watu wao ndio waliokuwa wameumia zaidi. Katherine Harris, waziri wa jimbo aliyesimamia uchaguzi huku akiwa mwenyekiti mwenza wa kampeni ya Bush Florida, alishikilia tarehe ya mwisho ya Novemba 14. Mahakama ya Juu ya Florida ikaisogeza hadi Novemba 26. Miami-Dade ilisimamisha kazi njiani. Palm Beach ilichelewa kwa muda mfupi na hesabu yake ikakataliwa. Hapo ndipo 537 ilipothibitishwa.

Tatizo la kweli la kuhesabu kwa mikono lilikuwa kipimo. Sheria ya Florida ilisema tafuta nia ya mpiga kura, haikusema utaijuaje kwenye kadi. Chadi iliyoshikwa pembe moja ni kura? Pembe mbili? Iliyobonyea tu bila kung'oka hata kidogo? Palm Beach ilianza na mwongozo wake wa mwaka 1990 uliokataa chadi isiyong'oka, ikahamia kwenye kipimo cha mwanga kuonekana, ikarudi kwenye mwongozo, kisha ikauacha. Broward ililegeza zaidi na ikapata kura mpya karibu mara tatu ya Palm Beach. Kadi yenye alama ile ile ingekuwa kura halali upande mmoja wa mpaka wa kaunti na takataka upande wa pili.

Desemba 8, kwa majaji 4 dhidi ya 3, Mahakama ya Juu ya Florida iliamuru kura tupu za jimbo zima zihesabiwe kwa mikono. Kesho yake Mahakama ya Juu ya Marekani ikasimamisha zoezi, na usiku wa Desemba 12 ikalifunga. Majaji 7 kati ya 9 walikubali kwamba kukosekana kwa kipimo kimoja kulivunja haki ya usawa mbele ya sheria. 5 kati yao walisema muda umekwisha. Ninaamini wale saba waliliona tatizo lililokuwapo kweli. Lakini kusema muda umekwisha, baada ya mahakama hiyo hiyo kusimamisha kazi kwa siku tatu, ni uamuzi usioweza kutetewa kwa hoja yake yenyewe. Na ndani ya hukumu ile kuna aya ambayo husomwa mara chache. Majaji walibainisha kwamba amri ya Florida ilimpa nafasi mwenye kura tupu lakini ikamnyima mwenye kura ya alama nyingi, hata kama kwa kuitazama kwa macho nia yake ingeonekana wazi. Walikuwa wameligusa rundo lile la pili, kisha wakaliacha.

Nia ingeonekanaje kwenye kura yenye alama mbili? Kwa kadi ya kutoboa, mara nyingi haionekani. Kwa karatasi ya kalamu, mara nyingi inaonekana. Kulikuwa na watu waliojaza duara la Gore kisha wakaenda kwenye mstari wa kuandika jina la mgombea mwingine na kuandika “Gore”. Wengine walifanya hivyo hivyo kwa Bush. Mashine iliona alama mbili na kuikataa. Binadamu akiitazama anaona mtu aliyesema jambo moja mara mbili. Chini ya sheria ya Florida ya nia ya mpiga kura, hiyo ni kura.

Ndiyo maana uchunguzi uliofanywa na kituo cha NORC cha Chuo Kikuu cha Chicago kwa niaba ya kundi la vyombo vikubwa vya habari, matokeo yakatoka Novemba 2001, una majibu yanayowashangaza watu wa pande zote. Walipitia zile 175,010, kadi kwa kadi. Kama kaunti nne za Gore zingehesabiwa alivyotaka yeye, Bush angeshinda kwa kura 225. Kama amri ya Mahakama ya Florida ya kuhesabu kura tupu za jimbo zima isingesimamishwa, Bush bado angeshinda, kwa mamia kadhaa. Lakini kama kura zote zilizokataliwa zingetazamwa jimbo zima, tupu na za alama nyingi, Gore angeshinda kwa kura kati ya 60 na 171, kutegemea kipimo cha chadi. Hakuna aliyeomba hilo mahakamani kwa nguvu inayostahili. Anayesema Mahakama ya Juu ilimpokonya Gore ushindi anasema zaidi ya ushahidi. Anayesema hesabu zilithibitisha ushindi wa Bush naye amesoma nusu ya ripoti.

Na kumbuka hesabu ya NORC haihusishi wale zaidi ya 2,000 wa Buchanan wala maelfu ya kadi za Palm Beach na Duval ambazo nia haikuweza kusomeka. Haihusishi pia waliozuiwa kufika kwenye karatasi: kampuni binafsi ilikuwa imeandaa kwa jimbo orodha ya watu wa kuondolewa kwenye daftari kwa madai ya kuwa na hukumu za jinai, kwa kulinganisha majina yaliyofanana kwa karibu tu, na baadhi ya waliokuwamo hawakuwa na hatia yoyote.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulifuatilia hili. Mwaka 2013 Kenya ilikuwa na kura 108,975 za urais zilizokataliwa, katika uchaguzi ambao kila mpiga kura alipewa karatasi sita za rangi tofauti na masanduku sita. Uhuru Kenyatta alivuka nusu ya kura kwa asilimia 50.07, na mbele ya Mahakama ya Juu ya Kenya mjadala ukawa kama zile zilizokataliwa ziingie kwenye jumla ya kugawia asilimia. Mahakama ilisema zisiingie. Swali la kwa nini zaidi ya watu laki moja walitoka nyumbani, wakapanga foleni, na bado kura zao zikaharibika, lilipata nafasi ndogo sana.

Florida yenyewe ilijifunza nusu ya somo. Sheria ya mwaka 2001 ilipiga marufuku kadi za kutoboa, ikaweka vipimo vya jimbo zima, na ikaagiza kwamba tofauti ikiwa robo ya asilimia moja au chini yake, kura tupu na za alama nyingi zote zitazamwe kwa mikono. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2002 ikatoa fedha za kubadili vifaa na ikataka mpiga kura aonywe akichagua zaidi ya anaoruhusiwa. Kaunti nyingi zikakimbilia skrini za kugusa. Mwaka 2006, katika kaunti ya Sarasota, kinyang'anyiro cha ubunge wa wilaya ya 13 kiliwekwa juu ya skrini, na chini yake kukawa na kinyang'anyiro cha ugavana chenye kichwa cha rangi kilichovuta macho. Kama kura 18,000 zilitoka tupu kwa ubunge. Mshindi alishinda kwa kura 369. Hakukuwa na karatasi ya kuitazama, na kuanzia 2008 jimbo likarudi kwenye karatasi.

Mwaka 2018 ikawa zamu ya Broward, kwenye useneta kati ya Rick Scott wa Republican na Bill Nelson wa Wademokrati. Karatasi ilikuwa ya kalamu, mashine zilikuwa vituoni, kipimo kilikuwa kimoja kwa jimbo zima. Lakini maelekezo kwa lugha tatu yalijaza safu ya kushoto kuanzia juu, na useneta ukasukumwa chini kabisa ya safu hiyo, wakati ugavana ulianza juu ya safu ya pili. Mwongozo wa shirikisho kuhusu upangaji wa karatasi ulikuwa umekwisha kuonya dhidi ya kuweka kinyang'anyiro chini ya maelekezo. Kama watu 25,000 zaidi walipiga kura ya ugavana kuliko ya useneta katika kaunti hiyo ya Wademokrati. Scott alishinda jimbo zima kwa kura 10,033. Sheria ya kuhesabu kwa mikono ilitekelezwa, wahesabu wakazitoa karatasi za Broward na kuzitazama moja moja, na kwenye nyingi kati ya hizo kona ile ya chini kushoto haikuwa na alama yoyote ya kusoma.